Nia na Njia

Penye nia pana njia, walisema wahenga, na sisi tuliofuata nyuma yao tumeikariri methali hiyo mpaka imekuwa nyepesi kinywani kama salamu. Siwapingi wahenga. Lakini kila niitafakaripo methali hii huona kwamba ina neno moja lililofichwa. Njia haijifyeki. Popote penye njia pana mtu aliyetangulia na panga mkononi, akakata miiba, akang'oa visiki, kisha akaenda zake, aghalabu bila kutajwa. Insha hii ni habari ya njia moja ya namna hiyo, ya watu walioifyeka, na ya mahali ambapo ingali imezibwa.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Umri wangu umepita arubaini, na shahada yangu ya udaktari niliipata kwa kuchunguza sarufi, si nyota wala mashine. Huu ni mwaka wa tisa tangu nianze kufundisha katika chuo kimoja cha Weusi kusini mwa Marekani. Msomaji ana haki ya kuuliza mwalimu wa ngeli na vitenzi ana habari gani ya wanafunzi wa sayansi na uhandisi. Jibu ni jepesi: huja darasani kwangu. Baadhi yao hukichagua Kiswahili kwa kuwa ni lugha ya Afrika, na mioyo yao ina kiu ya bara walikotoka babu zao. Wengine, nami siwalaumu, hukichagua kwa sababu saa yake haigongani na saa za maabara. Wote hao ni wanafunzi wema. Nikiwaonyesha upatanisho wa ngeli, huuchora kama jedwali la hesabu na kuniuliza kwa nini kisanduku fulani ni kitupu. Siku moja nilikuwa nikieleza kwamba saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu macheo, hata saa moja yetu ikawa saa saba yao. Darasa zima likacheka, ila binti mmoja wa uhandisi wa umeme. Yeye alisema hakuna cha kuchekesha. Kila kipimo kina sifuri yake, na aliyeiweka sifuri mahali jua linapochomoza ana sababu bora kuliko aliyeiweka usiku wa manane watu wamelala. Sijapata maelezo bora kuliko hayo, nami huyatumia kila mwaka.

Vyuo hivi vina historia ambayo inafaa ijulikane kwetu. Sheria ya Elimu ya Juu ya mwaka 1965 huvitambua kuwa ni vile vilivyoasisiwa kabla ya mwaka 1964, na ambavyo shabaha yake kuu ilikuwa, na ingali, kuwaelimisha Wamarekani Weusi. Idadi yao ni kama mia moja. Cheyney, katika jimbo la Pennsylvania, kilianza kama shule mwaka 1837. Lincoln kikafuata mwaka 1854 na Wilberforce mwaka 1856, wakati ambapo mamilioni ya Weusi wa kusini walikuwa bado watumwa, na kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa la jinai katika majimbo kadhaa. Baada ya vita vya mwaka 1861 hadi 1865 vikachipuka vingi: Howard na Morehouse mwaka 1867, Hampton mwaka 1868, Tuskegee na Spelman mwaka 1881. Sheria ya mwaka 1890 ikayapa majimbo yaliyowabagua Weusi hiari mbili: ama kuwapokea katika vyuo vya kilimo na ufundi vilivyopata msaada wa serikali kuu, ama kuwafungulia vyuo vyao na kugawa fedha kwa haki. Majimbo ya kusini yakachagua la pili. Vyuo yakafungua, haki yakaisahau.

Tangu mwanzo palikuwa na ubishi juu ya elimu iliyomfaa kijana Mweusi. Booker T. Washington wa Tuskegee alitanguliza kazi za mikono: useremala, ufyatuaji matofali, kilimo. W. E. B. Du Bois, aliyesoma Fisk, alidai elimu ya juu isiyo na mpaka. Ubishi huo ulivuka bahari ukatufikia. Mwaka 1924, tume ya Phelps-Stokes ilipozuru Afrika Mashariki, James Aggrey, mzaliwa wa nchi iitwayo Ghana leo na mwalimu wa chuo cha Weusi cha Livingstone huko North Carolina, alikuwa mmoja wa wajumbe wake. Na shule ya Jeanes iliyofunguliwa Kabete, Kenya, mwaka 1925, iliiga mfano wa elimu ya Weusi wa kusini mwa Marekani. Watawala walioipenda elimu ya jembe na randa hawakuipenda kwa sababu moja na Washington. Yeye aliiona kuwa ngazi. Wao waliiona kuwa dari. Lakini ndani ya vyuo vyenyewe sayansi haikungoja ubishi uishe. Tuskegee ile ile ilimwita George Washington Carver mwaka 1896 kuchunguza udongo na mimea, na Howard ilimwajiri Ernest Everett Just mwaka 1907, ambaye uchunguzi wake juu ya mayai ya viumbe vya baharini ulimpa heshima Ulaya ilhali vyuo vikubwa vya kwao havikumpa kazi.

Nikitaka kueleza kwa mfano mmoja tu maana ya kumsaidia mwanafunzi wa sayansi, humtaja Katherine Johnson. Alipokuwa bado Katherine Coleman, aliingia chuo cha West Virginia State akiwa mtoto mdogo wa miaka, mkubwa wa akili. Huko alikuwako mwalimu wa hesabu, William Schieffelin Claytor, aliyekuwa mmoja wa Weusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari ya hesabu nchini Marekani, na ambaye kwa rangi yake alifungiwa milango ya vyuo vilivyostahili kumgombea. Claytor alimwambia binti yule kwamba angeweza kuwa mtafiti wa hesabu. Maneno ya kutia moyo si adimu. Kila mwalimu anayo kinywani. Lakini Claytor hakuishia kwenye maneno. Binti alipomaliza masomo yote ya hesabu yaliyokuwako chuoni, mwalimu alitunga somo jipya, jiometri ya anga, akalifundisha kwa mwanafunzi mmoja tu. Katherine alimaliza chuo mwaka 1937 akiwa na umri wa miaka 18. Mwaka 1953 alianza kazi Langley, Virginia, na mwaka 1962 John Glenn, kabla ya kurushwa kuizunguka dunia, alitaka hesabu za mashine zihakikishwe kwanza na mwanamke yule. Dunia nzima ilimwona Glenn. Baada ya miaka mingi ikamwona na Katherine. Claytor na darasa lake la mtu mmoja wachache wanamwona mpaka leo.

Naona katika habari hiyo sifa ya kwanza ya vyuo hivi: mwalimu anamjua mwanafunzi wake kwa jina, na akijua anakokwenda, humfanyia njia ya kupitia.

Sifa ya pili ni umoja wa wanafunzi wenyewe. Katika miaka ya 1970, Uri Treisman, mtaalamu wa hesabu katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, ambacho si chuo cha Weusi, alishangazwa na wanafunzi Weusi waliofika na sifa nzuri kisha wakaanguka katika kalkulasi. Watu walimwambia ni uvivu, ni shule mbovu, ni jamaa wasiojali elimu. Alipokwenda kuwatazama namna walivyoishi na kusoma, hakuona uvivu. Aliona upweke. Walisoma kwa bidii, kila mmoja chumbani mwake, ilhali wenzao wa asili ya Kichina walimaliza kazi zao kisha wakakutana, wakasahihishana na kuulizana. Akaanzisha mikutano ya kukokotoa pamoja maswali magumu, magumu kuliko ya darasani, na walioshiriki wakafaulu vizuri. Jambo ambalo Berkeley ililigundua kwa uchunguzi lilikuwa desturi ya zamani katika vyuo vingi vya Weusi. Xavier, huko New Orleans, ni mfano unaojulikana: chuo kidogo, si tajiri, lakini kwa miaka mingi kimekuwa miongoni mwa vyuo vinavyopeleka Weusi wengi zaidi katika shule za udaktari wa tiba. Walimu wake wa kemia waliandika vitabu vyao vya mazoezi, wakakubaliana kufundisha kwa mpango mmoja, na wakawaweka wanafunzi wakubwa kuwaelekeza wadogo.

Kwetu jengo la sayansi lina ukumbi wenye meza ndefu, nami nikitoka kazini usiku hupita hapo. Vijana hukaa sita au saba mbele ya swali moja. Wana sheria yao ambayo hakuna mwalimu aliyeiweka: haondoki mtu mpaka kila mmoja aweze kulieleza swali bila kutazama daftari. Niliwafundisha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, wakaiandika methali hiyo juu ya ubao wa ukumbi, kwa herufi kubwa, karibu na milinganyo. Haijafutwa.

Sasa tazama desturi iliyo kinyume cha hiyo. Katika vyuo vingi, vyenye jina kubwa, masomo ya mwaka wa kwanza ya kalkulasi, kemia na fizikia hutumika kama chekecheke. Mwalimu husimama siku ya kwanza akawaambia wanafunzi watazamane kulia na kushoto, kwa maana mmoja wao hatakuwapo mwisho wa mwaka. Na wapo wanaojivunia idadi ya walioanguka kama mwindaji anavyohesabu pembe. Chekecheke ni chombo kizuri cha kutenga unga na pumba. Kasoro yake ni kwamba hakiulizi. Mbegu iliyokosa maji na mbegu iliyooza huanguka katika tundu moja.

Wako watakaosema kwamba malezi ya namna ninayoisifu hulegeza kiwango. Hoja hiyo nilimpelekea mwenzangu mmoja, mhandisi wa madaraja, ambaye amefundisha kwa miaka mingi kuliko mimi. Akanijibu kwamba daraja haliulizi aliyelijenga alisoma wapi wala alikuwa maskini kiasi gani. Likikosewa hesabu huanguka, na aliye juu yake hufa. Mtihani wake, akasema, hautapungua hata swali moja. Kinachoongezeka ni saa za kumwandaa mtu kuukabili. Hapo ndipo ilipo tofauti. Kumshusha mwanafunzi kiwango ni kumdharau kwa sauti ya upole. Kumpandisha mpaka akifikie ni kazi, na kazi hutaka muda, na muda hutaka fedha.

Nimefika katika fedha, ambako ningependa nisingefika. Miaka michache iliyopita alikuwako darasani kwangu kijana wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa ujenzi, wa kwanza katika ukoo wake kuingia chuo. Mchana alisoma, usiku alipakia masanduku katika ghala moja nje ya mji mpaka karibu na alfajiri. Darasa langu lilikuwa la asubuhi, naye mara kwa mara alisinzia, lakini nikimwuliza swali aliinua kichwa na kujibu sawasawa. Alipenda vitenzi kuliko kitu chochote. Siku niliyofundisha tofauti ya "sikusoma" na "sijasoma" alinizuia mlangoni kuhakikisha ameelewa: kwamba la kwanza hufunga jambo, na la pili huliacha wazi, kwa kuwa msemaji bado anatazamia kulifanya. Alisema lugha yake haina mlango mwembamba kama huo kati ya kushindwa na kuchelewa.

Muhula uliofuata hakuonekana. Alikuwa na deni la ada, dogo kuliko bei ya tarakilishi iliyokwisha tumika, na kanuni ya chuo haikumruhusu mwenye deni kujiandikisha. Alama zake zilikuwa nzuri. Hakuna chekecheke la kalkulasi lililomwangusha, wala upweke, wala upungufu wa akili. Wenzake wa meza ndefu walichanga walichoweza, nasi walimu watatu tukaongeza. Tulipofikisha nusu, siku ya mwisho ya kujiandikisha ilikwisha pita. Alikuja ofisini kuniaga. Alisema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe: "Mwalimu, ninakwenda, lakini sijamaliza." Nikamwambia, "Sawa, mwanangu, hujamaliza." Anafanya kazi ghalani mpaka sasa, mchana na usiku kwa zamu. Kila mwaka mpya huniandikia salamu, na neno hilo halijabadilika.

Nimesimulia habari zake kwa sababu sifa zina hatari yake. Watu husifu sana vyuo vya Weusi kwa kufanya mengi kwa machache, na sifa hiyo ni ya kweli. Vyuo hivi ni kiasi cha asilimia 3 tu ya vyuo vyote vya Marekani, lakini sehemu yao ya Weusi wanaopata shahada za sayansi na uhandisi ni kubwa mara kadhaa kuliko hiyo; na ukichunguza Weusi wenye shahada za udaktari katika sayansi walianzia wapi, utakuta Howard, Spelman, Florida A&M, North Carolina A&T na Xavier mbele ya vyuo vingi vyenye utajiri. Lakini mama anayelea watoto wengi kwa chungu kimoja husifiwa sana na jirani mwenye ghala lililojaa, na sifa humwondolea jirani huyo haja ya kufungua ghala. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 mawaziri wa elimu na wa kilimo wa Marekani waliwaandikia magavana wa majimbo 16 kwamba, kati ya mwaka 1987 na 2020, vyuo vya Weusi vilivyotokana na sheria ya mwaka 1890 vilipunjwa zaidi ya dola bilioni 12 kwa kulinganishwa na vyuo vya jimbo vya namna yao. Tennessee State peke yake ilipunjwa dola bilioni 2.1. Huko Maryland kesi iliyofunguliwa mwaka 2006 ilimalizika mwaka 2021 kwa jimbo kukubali kutoa dola milioni 577 kwa vyuo vinne vya Weusi.

Hesabu kubwa za namna hii hupita masikioni bila kuacha alama, basi na tuzipunguze mpaka zitoshe mkononi. Dola hizo ni darubini ambayo haikununuliwa. Ni mwalimu anayefundisha madarasa manne kwa muhula, hata akakosa saa ya utafiti, na kwa hiyo akakosa pia utafiti wa kumshirikisha mwanafunzi. Ni kijana ambaye angelipwa kufanya kazi maabara badala ya ghalani. Malezi ni jambo tukufu, lakini hayawi badala ya maabara. Na upendo wa mwalimu haulipi deni la ada.

Dawa yake si siri. Ronald McNair, mtoto wa Lake City huko South Carolina, alipata shahada ya fizikia North Carolina A&T mwaka 1971 na ya udaktari katika chuo cha MIT mwaka 1976, kisha akawa mwanaanga, akafa katika ajali ya chombo cha Challenger mwaka 1986. Programu yenye jina lake iliundwa ili kuwaandaa kwa udaktari vijana waliotoka katika jamaa maskini zisizokuwa na mtu aliyemaliza chuo. Mwaka 1991 Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya nchi hiyo ilianzisha mpango wenye jina la mbunge Louis Stokes, wa kuunganisha vyuo ili wanafunzi wa jamii zilizoachwa nyuma wamalize shahada za sayansi. Mambo yanayofaa katika mipango hiyo ni machache na ya wazi: masomo ya kiangazi kabla ya mwaka wa kwanza, utafiti chini ya mwalimu mmoja, malipo yanayomtosha kijana asifanye kazi usiku, na mtu wa kumwuliza habari zake. Mwaka 2021 Wilberforce na Delaware State zilifuta madeni ya wahitimu wao, na fedha za misaada zilizotolewa wakati wa ugonjwa wa korona zikaviwezesha vyuo vingine vya Weusi kufanya vivyo hivyo. Kumbe deni linaweza kufutwa.

Haya si mambo ya ng'ambo tu. Mbiyu Koinange wa Kenya alikwenda Hampton mwaka 1927. Na katika vijana waliosafirishwa kwa ndege kwa juhudi za Tom Mboya kuanzia mwaka 1959, wako waliopokewa na vyuo vya Weusi, ambavyo vilikuwa maskini wakati ule kama sasa, na bado viliongeza sahani mezani. Tuna deni la shukrani. Na katika vyuo vyetu wenyewe wapo vijana wa kijijini wanaoanguka katika hesabu za mwaka wa kwanza, nasi huandika matokeo yao ukutani na kuendelea na kazi. Tumewahi kuuliza ni wangapi miongoni mwao walikosa akili, na ni wangapi walikosa meza ndefu, au mwalimu mmoja, au fedha za muhula mmoja?

Nia ya vijana nimeiona kwa macho yangu muda wa miaka tisa, saa mbili asubuhi na saa tano usiku. Sina shaka nayo, wala sioni haja ya kuwahubiria waiongeze. Iliyobaki ni njia. Wanaoijua kuifyeka wapo, kazi yao inajulikana, na gharama yake imekwisha hesabiwa.